Kabla ya Kubadilisha Giaboksi: Jinsi ya Kupunguza Mafuta Katika Gari Kuukuu la Otomatiki

Siku za kazi, kabla ya saa mbili asubuhi, Barabara ya Limuru huwa imejaa magari kutoka raundabauti ya Muthaiga hadi Ngara. Ukisimama karibu na City Park ukayatazama, utaona kwamba mengi ni yale makubwa ya zamani: Prado, Pajero, X-Trail, Forester, CR-V. Wakaazi wa Wadi ya Parklands/Highridge wanayapenda kwa sababu zinazoeleweka. Hayaogopi mashimo, yanabeba watoto wa shule na mizigo yao, na mwezi wa Desemba yanafika nyumbani mashambani hata mvua ikinyesha. Shida yake ni moja: yanakunywa mafuta.

Nchini Kenya, bei ya mafuta hutangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi. Wengi tunakumbuka Oktoba 2023, lita moja ya petroli ilipofika shilingi 217.36 hapa Nairobi. Tangu wakati huo swali moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara na wenye magari haya: je, nikitoa giaboksi hii ya gia nne nikaweka ya gia tano au sita, nitaokoa mafuta?

Jibu fupi ni kwamba huenda ukaokoa kidogo, lakini kwa mkaazi anayeendesha gari lake zaidi mjini, si hapo pa kuanzia. Mara nyingi giaboksi uliyo nayo ina uwezo wa kuokoa mafuta ambao hautumiki. Somo la toleo hili linaeleza uwezo huo uko wapi, jinsi ya kuupima, na jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kutoa pesa. Katika somo hili, neno "mafuta" ni petroli au dizeli. Ile ya kulainisha injini na giaboksi tutaiita "oili".

Gari lililokuwa na baridi

Nianze na kisa changu. Nilinunua gari la aina hii likiwa limepitia mikono kadhaa. Lilikuwa likinipa kilomita 6 kwa lita, nami nikaamini kwamba ndivyo yalivyo magari makubwa. Fundi mmoja akanishauri nibadilishe giaboksi nzima, na nikaanza kuweka akiba.

Kabla ya akiba kutimia, nilipitia kwa fundi mwingine, mzee aliyezoea magari haya kwa miaka mingi, ili anirekebishie breki. Alipolirudisha kutoka kulijaribu barabarani akaniambia, "Kijana wangu, gari lako lina baridi." Nilicheka. Akanionyesha mshale wa joto kwenye dashibodi. Baada ya nusu saa ya kuendeshwa ulikuwa bado chini kabisa. Alipofungua bomba la maji tukaona kwamba themostati haikuwepo. Mtu fulani, siku za nyuma, aliitoa na hakuirudisha.

Nilinunua themostati mpya na oili ya giaboksi. Mwezi uliofuata gari likanipa kilomita 7 kwa lita. Kwa mwendo wangu wa kilomita 800 kwa mwezi, hiyo ni karibu lita 19 ambazo sikuzinunua tena. Giaboksi ni ile ile ya gia nne.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza tujue giaboksi ya otomatiki inafanya kazi vipi.

Mafuta yanapotelea wapi

Gari la gia za mkono lina klachi inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja. Gari la otomatiki lina chombo cha mviringo kiitwacho konveta, ambacho ndani yake mna oili. Upande mmoja unazungushwa na injini na kuisukuma oili. Oili hiyo nayo inauzungusha upande wa pili, ulioshikana na giaboksi. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye taa likiwa kwenye "D" bila injini kuzima.

Lakini oili inateleza. Upande wa injini unazunguka kwa kasi kuliko upande wa giaboksi, na tofauti hiyo hugeuka kuwa joto. Joto hilo ni mafuta uliyoyalipia.

Giaboksi za otomatiki zilipoanza kuuzwa kwa wingi na kampuni ya General Motors ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, upotevu huo haukuwasumbua wengi. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, mambo yakabadilika. Watengenezaji wakaweka vitu viwili ambavyo leo viko katika karibu kila gari tunalozungumzia. Cha kwanza ni klachi ndogo ndani ya konveta, inayozifunga pande zote mbili pamoja gari likishika mwendo, ili pasiwe na kuteleza tena. Chrysler waliiweka katika magari yao ya mwaka 1978, na wengine wakafuata. Cha pili ni gia ya juu ya mwendo mrefu, ambayo mafundi huiita ovadraivu, inayoiwezesha injini kuzunguka polepole gari likienda kasi.

Kwa hiyo gari lako kuukuu halikosi teknolojia ya kuokoa mafuta. Swali ni kama teknolojia hiyo inafanya kazi.

Themostati inahusianaje na giaboksi?

Themostati ni kifuniko kidogo kinachoyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la kutosha. Injini ikichemka, baadhi ya mafundi huitoa kama tiba ya haraka. Gari linaacha kuchemka, mwenye gari anafurahi, na chanzo halisi cha shida, pengine rejeta iliyoziba au feni mbovu, kinabaki pale pale.

Madhara yake hayaonekani kwa macho. Katika magari mengi ambayo giaboksi yake inaongozwa na kompyuta, kompyuta hiyo husoma joto la maji ya injini. Maji yakiwa baridi, inakataa kuifunga konveta na inakataa kuingiza ovadraivu, kwa sababu inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Pia inaongeza petroli inayoingia kwenye injini. Bila themostati, hasa katika baridi ya Julai hapa Nairobi, gari linaweza kutembea mwezi mzima likidhani kila saa ni alfajiri.

Mtu akibadilisha giaboksi ya gari kama hilo bila kuirudisha themostati, giaboksi mpya itapewa amri zile zile za gari baridi.

Pima kwanza

Usiamini mshale wa tangi wala hisia. Fanya hivi:

1. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri.
2. Endesha kama kawaida mpaka utumie angalau nusu tangi.
3. Rudi kituo kile kile, pampu ile ile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ijikate.
4. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza mara ya pili. Kama ni kilomita 350 kwa lita 50, unapata kilomita 7 kwa lita.
5. Rudia mara tatu, uandike kwenye daftari, kisha uchukue wastani.

Tahadhari moja: kama gari limewekewa magurudumu makubwa kuliko yale ya kiwandani, kihesabu kinadanganya. Gurudumu likiwa kubwa kwa asilimia 5, kihesabu kikionyesha kilomita 400 wewe umetembea 420. Utadhani gari linakula zaidi kuliko hali ilivyo. Hata hivyo magurudumu hayo yana gharama yake ya kweli. Ni mazito, na yanailazimisha giaboksi kubaki gia ya chini kwa muda mrefu.

Mambo matano ya kukagua

Kitufe cha ovadraivu. Magari mengi ya zamani yana kitufe kwenye mkono wa gia. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka kwenye dashibodi, gia ya juu imezimwa. Kuna watu wanaoendesha hivyo kwa miaka bila kujua. Ibonyeze izimike. Taa hiyo ikimetameta yenyewe, katika magari mengi ni ishara kwamba kompyuta ya giaboksi imegundua hitilafu, na inafaa isomwe kwa mashine.

Joto la injini. Baada ya dakika 10 hadi 15 za kuendesha, mshale unafaa kuwa karibu na katikati na kutulia hapo. Ukibaki chini, au ukishuka kila unapoongeza mwendo, shuku themostati.

Kufunga kwa konveta. Jaribio hili lifanye kwenye barabara kuu iliyo wazi, kama vile Barabara ya Thika au Southern Bypass wakati hakuna msongamano, ukiwa na mtu wa kukusomea mita ya mizunguko ya injini. Injini ikiwa na joto, shika mwendo wa kilomita 80 kwa saa mahali tambarare, mguu ukiwa mwepesi. Mshale unafaa kushuka kidogo, kama mizunguko 200 au 300, kana kwamba gia nyingine imeingia baada ya ile ya mwisho. Huko ndiko kufunga. Ikiwa haishuki kamwe, na ukigusa ekseleta kidogo mizunguko inaruka huku mwendo ukibaki ule ule, konveta haifungi.

Oili ya giaboksi. Kama gari lina kijiti cha kupimia, fuata maelezo ya kitabu cha gari. Kwa aina nyingi oili hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Oili nzuri ni nyekundu na angavu. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua imechoka. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si "yoyote ya otomatiki". Giaboksi ya CVT, kama iliyo katika X-Trail nyingi za kizazi kilichoanza mwaka 2007, inataka oili yake ya pekee, na ukiweka nyingine utaiharibu. Kama oili haijabadilishwa kwa miaka mingi, usikubali isukumwe nje kwa mashine ya presha. Imwagwe na kujazwa kidogo kidogo kwa awamu, chujio likisafishwa au kubadilishwa, ili uchafu usibebwe hadi kwenye vali.

Vitu vya kawaida. Upepo wa magurudumu, chujio la hewa, plagi, na breki zinazoshika bila kukanyagwa. Inua gari kwa jeki, hakikisha halina gia, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma, hakuna giaboksi itakayokuokoa.

Jambo la hewa lina uzito wa pekee hapa kwetu. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa tano. Injini ya petroli isiyo na taboi inapoteza nguvu kiasi hicho pia. Dereva anakanyaga zaidi, giaboksi inadhani anataka kupita gari la mbele, na inarudi gia ya chini. Chujio la hewa lililoziba linazidisha hali hiyo.

Maboresho: lipi linafaa nani?

Ukimaliza ukaguzi huo, sasa unaweza kuzungumza juu ya kuongeza vitu.

Rejeta ya ziada ya oili ya giaboksi inafaa anayebeba mizigo mizito au kuvuta trela. Inaongeza maisha ya giaboksi, si kilomita kwa lita. Ikiwa kubwa mno inaipoza oili kupita kiasi, na tukarudi kwenye gari lenye baridi.

Kifaa cha kufunga konveta kwa amri ya dereva kinatumika sana Australia, ambako Land Cruiser huvuta mizigo kwa mamia ya kilomita bila kusimama. Kwa anayekwenda Turkana au Marsabit kila wiki, kina maana. Kikitumiwa vibaya katika mwendo mdogo kinaisumbua injini na kuila klachi ile ndogo.

Kubadilisha giaboksi nzima ndiyo kazi kubwa. Ukiweka ya gia tano au sita mahali pa ile ya nne, huenda ukahitaji pia kompyuta yake, nyaya, shafti iliyorefushwa au kufupishwa, na vishikio vipya. Katika gari la magurudumu manne, giaboksi ya pili ya kugawa nguvu lazima ilingane. Nyingi zinazouzwa Barabara ya Kirinyaga na Industrial Area zimetolewa kwenye magari yaliyotumika ng'ambo. Huwezi kujua zilitunzwaje, kwa hiyo dai dhamana ya maandishi.

Na faida yake ni ipi? Kampuni ya ZF ya Ujerumani ilipoleta giaboksi yake ya gia 8 mwaka 2009, yenyewe ilitaja akiba ya takriban asilimia 6 ikilinganishwa na ile yake ya gia 6. Hiyo ni kazi ya wahandisi wa kiwanda, katika gari jipya lililobuniwa kwa ajili yake. Asilimia 6 ya kilomita 7 ni kama mita 400 kwa kila lita.

Zaidi ya hayo, gia ya tano inasaidia pale tu unapofika gia ya tano. Kutoka Highridge hadi katikati ya jiji asubuhi, ukitambaa kilomita 15 kwa saa, giaboksi haivuki gia ya pili. Uwe na gia nne au nane, zile za juu hazikusaidii kitu.

Piga hesabu

Tuchukue mfano. Gari linakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi, linatoa kilomita 7 kwa lita, na lita ni shilingi 180. Linatumia lita 143, yaani takriban shilingi 25,700 kwa mwezi. Weka bei halisi utakazopewa na fundi mahali pa hizi za mfano.

Themostati mpya na kazi yake, tuseme shilingi 4,000, ikikufikisha kilomita 7.5 kwa lita, unaokoa takriban shilingi 1,700 kwa mwezi. Pesa zinarudi kabla ya miezi 3.

Oili ya giaboksi na chujio, tuseme shilingi 15,000, ikikupa nusu kilomita hiyo hiyo, pesa zinarudi kwa karibu miezi 9. Na hata isipokupa chochote, umeongeza maisha ya giaboksi.

Giaboksi nyingine, tuseme shilingi 250,000, hata tukiihesabia faida kubwa ya kilomita nzima, kutoka 7 hadi 8, unaokoa takriban shilingi 3,200 kwa mwezi. Pesa zinarudi baada ya miezi 78, yaani miaka sita na nusu. Jiulize kama gari lenyewe litakuwa nawe mwaka huo.

Hesabu hii inabadilika kama giaboksi yako imekufa kabisa na lazima ununue nyingine. Hapo, tofauti ya bei kati ya ile ya gia nne na ya gia tano ndiyo unayopaswa kuipima, si bei nzima.

Mguu wa dereva

Katika msongamano, acha nafasi mbele yako ili gari litambae bila kusimama na kuondoka kila mara. Kila unapoondoka kutoka kusimama, konveta inateleza zaidi ya wakati mwingine wowote. Ukimsubiri mtoto nje ya shule au mgonjwa nje ya hospitali, zima injini. Injini kubwa ya petroli inayonguruma bila kwenda popote inaweza kula karibu lita moja kwa saa, na moshi wake wanauvuta hao hao unaowasubiri.

Ukiteremka kutoka Limuru, usiweke "N" ukidhani unaokoa. Magari ya petroli yenye sindano za kompyuta hukata mafuta yenyewe gari likiteremka ndani ya gia huku mguu ukiwa nje ya ekseleta. Kwenye "N" injini inaendelea kunywa, na breki zinabaki peke yake na mzigo wote.

Oili chafu na karatasi za gari

Oili iliyotolewa haifai kumwagwa kwenye mtaro. Mitaro ya Parklands inateremka hadi kwenye mito ya Nairobi, na kuna watu wanaonywesha mboga kwa maji hayo. Muulize mwenye gereji anaipeleka wapi. Anapaswa kuihifadhi kwenye pipa na kumkabidhi mkusanyaji aliyepewa leseni na NEMA. Mteja akiuliza swali hilo kila mara, gereji nyingi zitajirekebisha.

Kama katika matengenezo yako umebadilisha pia injini, mabadiliko hayo yaandikishwe NTSA ili nambari ya injini ilingane na cheti cha umiliki. Usipofanya hivyo utasumbuka siku ya kuuza gari au ya kudai bima.

Wiki hii, anza na mambo mawili yasiyo na gharama: rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri utakapojaza tangi, na utazame mshale wa joto baada ya robo saa ya kuendesha. Ukiwa chini, peleka gari kwa fundi umwambie lina baridi. Atakuelewa.